Bwawa Nyuma ya Nyumba ya Vance

Mwezi wa Oktoba mashamba ya Kessler Grove hayaamki mapema. Ukungu hulala juu ya mahindi yaliyokauka kama shuka juu ya mgonjwa, na mtu akisimama barabarani saa moja asubuhi hawezi kukuambia mbingu inaanzia wapi. Lavonne Pruitt aliupita ukungu huo kila siku ya shule akiendesha basi namba saba, taa zimewaka, mwendo wa kobe. Mara nyingi alijiona kama haendi popote, kama anaelea tu, na nyumba ndizo zinazomjia yeye, moja moja, zikijitokeza kwenye weupe, zikijionyesha kidogo na kurudi zilikotoka.

Alizijua nyumba hizo pengine kuliko wenyewe. Dereva wa basi la shule hukaa juu, na macho yake yanavuka ua ambao jirani hawezi kuuvuka. Alijua nani amebadili mapazia, nani analala kwenye kochi siku hizi, jikoni kwa nani taa huwaka tangu alfajiri. Miaka tisa alikuwa akiona na kunyamaza. Si kwamba aliapa kunyamaza. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Kituo cha kumi na moja kilikuwa kwa akina Vance. Wren, binti yao wa miaka minane, alikuwa akitokea kwenye ukungu na koti lake jekundu, kwanza koti, halafu miguu, halafu uso. Masikioni alikuwa na mashine mbili ndogo za kumsaidia kusikia. Ndani ya basi mashine hizo zilimletea ngurumo tupu, hivyo alizizima, akaketi kiti cha mbele kulia na kukitazama kioo kikubwa kilicho juu ya dereva. Wren alijua kusoma midomo. Lavonne aligundua hilo siku moja alipokuwa akijisemea mwenyewe, na tangu hapo wakawa na mazungumzo yao yasiyo na sauti, ya kioo na midomo tu.

"Umekula nini?"

"Mkate."

"Na nini?"

"Na mkate mwingine, Bi Lavonne."

Nyuma yao watoto arobaini wakipiga kelele, na wao wawili wako kimya kama samaki kwenye chupa.

Mambo yalianza Jumanne mchana, kwenye chumba cha nyuma cha duka la mbegu la Nedra Hostetler. Nedra alikuwa shangazi yake Lavonne, dada wa baba yake, mwanamke wa miaka sitini na tatu mwenye sauti ya kuita ng'ombe toka shamba la pili. Wiki hizo chumba chake kilijaa watu na kadi. Huko Washington, Bunge lilikuwa limepitisha muswada wa kuipanua bima ya afya ya watoto inayolipwa na serikali, iwafikie hata watoto wa familia ambazo si maskini kabisa. Rais alikuwa amegoma kuutia saini. Sasa Bunge lingepiga kura tena, na wakipatikana wabunge wa kutosha, muswada ungepita bila yeye. Watu wa Nedra waliupinga muswada, na walitaka mbunge wao asiyumbe, abaki upande wa Rais. Walimwandikia kadi kwa mkono, moja moja, kila mtu kwa maneno yake, kwa sababu Nedra alisema kadi ya kuchapwa haisomwi hata na mfagiaji.

"Mimi sina ugomvi na mtoto yeyote," Nedra alikuwa akisema huku akigawa kalamu. "Maskini asaidiwe. Nimewahi kusema asisaidiwe? Lakini ukiipa serikali mkono wa mtoto, kesho itashika na wa baba. Na siku moja jirani ataumwa, nasi tutakaa tu na kahawa zetu tukisema, aa, si kuna ofisi?"

"Kweli tupu," watu wakaitikia.

Lavonne naye aliitikia, na hakuitikia kwa kufuata mkumbo. Alipokuwa na miaka sita moyo wake ulikutwa na tundu. Watu hawa hawa walipika supu ya maharage na nyama Jumamosi tatu mfululizo kwenye ukumbi wa wazima moto, wakaiuza, wakauza na pai na mablanketi ya kushona, na mzee Orville Teague akauza ndama wake. Tundu likazibwa. Alama ya kisu alikuwa nayo kifuani mpaka leo, na kila alipoigusa aliona nyuso.

"Ukikohoa tu naanza kuogopa," Orville alipenda kumtania. "Moyo huo una mguu mmoja wa ndama wangu. Nina hisa humo, mama."

Siku hiyo mazungumzo yaligeukia kwa Corinne Vance, mama yake Wren. Wiki iliyopita Corinne alikuwa amesema redioni kwamba mashine za masikio za binti yake zililipiwa na bima ile, na kwamba wao ni watu wa kawaida, hawana cha ziada.

"Cha kawaida ni kipi?" Nedra akauliza. "Mumewe ana kazi kwenye kiwanda cha matrela. Nyumba ni yao. Lavonne, wewe si unasimama mlangoni pao kila siku? Wana nini mle?"

Watu wote wakamgeukia. Chumba kilitulia hata ukasikia panya kwenye magunia. Lavonne hakuzoea kungojewa aseme kitu. Joto likampanda shingoni, tamu kidogo, kama la mtu aliyeitwa jina lake kanisani. Akaona uani kwa akina Vance kama anavyopaona asubuhi: ua wa mbao, na nyuma yake kitu cha buluu, kipana, kimefunikwa turubai lililobanwa na matairi pembeni. Kessler Grove nzima, mwenye bwawa la kuogelea hulifunika hivyohivyo Septemba ikiisha.

"Wana bwawa," akasema.

"Bwawa!"

"La kuogelea. Limefunikwa."

"Ehe!" Orville akapiga meza. "Na sisi tunaoga kwenye ndoo!"

"Wewe ndoo yenyewe unaionea huruma, mzee Orville," mtu akamrushia, wakacheka. Nedra hakucheka. Alikuwa ameshaanza kuandika.

Jumatano ukungu ulikuwa mzito zaidi. Lavonne alipofika kituo cha kumi na moja aliona gari la mizigo la shangazi yake limeegeshwa upande wa pili wa barabara, na Nedra mwenyewe amesimama karibu na ua, kamera ameinyanyua juu ya kichwa, Orville ubavuni mwake. Koti jekundu likatokea, likapanda, likaketi. Wren aligeuza uso dirishani. Vioo vilikuwa vimefungwa, basi linanguruma, na wale wawili walikuwa hatua kumi hivi toka dirishani. Hakuna mtoto mwingine ambaye angeambulia neno.

Walikwenda maili moja nzima kabla Wren hajakitazama kioo.

"Bi Lavonne," midomo yake ikasema, "bwawa letu liko wapi?"

Lavonne alishika usukani kwa mikono miwili.

"Yule bibi amesema tuna bwawa. Babu akasema, hii picha itawaumbua. Kuumbua ni nini?"

Nyumba ya kumi na mbili ikajitokeza kwenye weupe, na Lavonne nusura aipite.

Alipowashusha watoto wote na kulirudisha basi gereji, alichukua gari lake mwenyewe akarudi barabara ileile. Jua lilikuwa limeanza kuukunja ukungu pembeni. Hakuwahi kuiona nyumba ile kutoka chini. Ilikuwa ndogo kuliko alivyodhani, na rangi ilikuwa imebanduka upande wa upepo. Ua ule, ambao toka kwenye basi ulimfika kifuani, ulikuwa mrefu kuliko yeye.

Corinne Vance alifungua mlango kabla hajabisha. Alikuwa mwembamba, na taulo begani.

"Wren ameugua?"

"Hapana, yuko salama. Yuko shule." Lavonne alibaki kizingitini. "Nimekuja kwa ajili ya bwawa."

"Bwawa gani?"

"Nilisema mna bwawa. Kwa shangazi yangu, kwa Nedra. Niliona turubai toka kwenye basi, nikasema."

Corinne akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Ni wewe! Tangu nione kamera juu ya ua asubuhi hii nawashuku majirani wangu wote, kumbe ni dereva. Na nini kingine umekiona toka huko juu? Nguo zangu za ndani kwenye kamba, ulizihesabu?"

"Dada Corinne..."

"Njoo. Njoo uogelee. Umekuja na taulo? Nitakuazima langu."

Akamshika mkono, akampitisha jikoni mpaka mlango wa nyuma. Harufu ilitangulia. Corinne akaondoa tairi moja, akainua pembe ya turubai. Chini yake lilikuwa shimo, si bwawa. Tangi la maji taka la nyumba lilikuwa limepasuka tangu Agosti, na mume wake alikuwa amelifukua mwenyewe kwa koleo, wikendi baada ya wikendi, mpaka kiwandani wakapunguza saa za kazi na kununua tangi jipya kukashindikana. Maji meusi yalitulia mle ndani, na anga la asubuhi lilionekana ndani yake, jeupe, zuri kama la kwenye ziwa. Lavonne akaona kichwa chake kinamtazama toka kule chini.

"Kuoga tunaenda kwa mama mkwe," Corinne akasema. "Choo tunakwenda kwa mama mkwe. Sasa umeona. Ukasimulie."

"Nitasema hakuna bwawa. Nitasema ni shimo la..."

"Usithubutu!" Corinne aliachia turubai. "Watu wa afya wa kaunti wakisikia kuna shimo wazi la maji taka na mtoto ndani ya nyumba, wanabandika karatasi mlangoni na sisi tunatoka siku hiyohiyo. Sema hakuna bwawa. Kilichopo usikiseme. Kwa mtu yeyote."

Walisimama pale, kila mmoja akipumua kwa mdomo. Mbali, mashine ya kuvunia iliwashwa, na vumbi la dhahabu likaanza kupanda juu ya ukungu kama moshi wa ndoto ya mtu.

"Kwa nini hamkuwaambia watu kanisani?" Lavonne akauliza polepole. "Wangekuja na makoleo. Mimi walinisaidia. Moyo wangu..."

"Najua habari za moyo wako. Nani hajui? Una miaka mingapi sasa?"

"Thelathini na moja."

"Na bado wanakukumbusha." Corinne hakusema kwa ukali. "Ile bima, mama, haijawahi kunisimamisha dukani mbele za watu kuniuliza masikio yanaendeleaje."

"Lakini haimjui Wren. Hata jina hailijui."

"Ndiyo uzuri wake."

Moyoni Lavonne hakukubali. Kwake, kujulikana jina ndiyo dawa yenyewe. Aliagana naye na Corinne hakumpa mkono.

Alhamisi nzima alizunguka na neno lake lile, bwawa. Ijumaa mchana akaenda dukani. Nedra alikuwa peke yake kwenye chumba cha nyuma, akikata vipeperushi kwa mashine ya karatasi, chwa, chwa, chwa. Picha ilikuwa ya ua wa mbao na buluu nyuma yake, imefifia kwa ukungu hata ikapendeza. Chini yake maandishi: HAWA NDIO MASKINI WETU? BWAWA WANALO. BILI TULIPE SISI. Jina halikuandikwa. Halikuhitajika, ua ule kila mtu anaujua.

"Umekuja wakati mzuri," Nedra akasema. "Shika upande ule. Kesho nawahutubia watu uwanjani pa mahakama, hii nitaisoma ya kwanza. Orville ameshapeleka nyingine kwenye vituo vya mafuta."

"Shangazi, si bwawa."

Mashine ikasimama.

"Nimekwenda. Nimeliona kwa macho yangu. Niliwadanganya, sikukusudia, lakini niliwadanganya."

"Ni nini basi?"

"Sitasema."

"Hata kwangu?"

"Hata kwako, shangazi. Nimemkosea mtu kwa jambo moja, sitaki kumkosea kwa mawili."

Nedra akavua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta, akaivaa tena, ikawa chafu kuliko mwanzo. "Unajua nimewapigia simu watu wangapi? Unajua nimesubiri miezi mingapi nipate kitu ambacho mtu anaweza kukiona kwa macho, siyo asilimia, siyo vifungu? Nikisema 'bajeti', wanasinzia. Nikisema 'bwawa', wanaamka."

"Najua."

"Au wamekugeuza? Mwambie shangazi yako. Corinne amelia kidogo, ukageuka?"

"Hakulia. Na sijageuka. Kadi yangu nitaiandika kesho kama nilivyoahidi. Lakini siyo kwa mgongo wa nyumba ile."

Nedra alikiinua kipeperushi, akakitazama kwa muda mrefu, mkono umekinyoosha mbali kama wafanyavyo wenye macho ya uzee. Pua yake ikakunjamana kidogo.

"Nilisimama pale Jumatano," akasema, taratibu, kana kwamba anamsimulia mtu mwingine. "Kulikuwa na harufu. Nikadhani upepo unatoka kwenye mabanda ya nguruwe ya Goertz. Lakini upepo siku hiyo..." Akamtazama Lavonne usoni. Lavonne aliinamisha macho. "Mungu wangu," Nedra akasema chini chini, na hakuuliza tena.

Baadaye, alipokwisha kuvirundika vipeperushi na kuvifunga kwa mpira, alirudiwa na sauti yake ya siku zote.

"Sikiliza. Kesho sitakisoma. Sisi si waongo, na mimi sitaanza uzeeni. Lakini kukikanusha, hapana, hilo siwezi kukubebea. Nikisimama mimi watasema Nedra ametishwa na wanasheria. Neno limetoka kinywani mwako, lirudi kwa kinywa hichohicho. Nitakupa kipaza sauti. Ukikipokea, umekipokea. Usipokipokea, vile vilivyoko kwenye vituo vya mafuta vitaendelea kusema."

"Watanichukia, shangazi?"

"Wengine." Nedra akamsogezea sahani ya pai ya sukari na maziwa. "Kula. Umekonda."

Jumamosi ukungu haukuondoka mpaka saa nne. Watu kama sitini walikaa kwenye viti vya kukunja juu ya nyasi za mahakama, makoti yamefungwa mpaka kidevuni, mabango yameegemezwa magotini. Sufuria la supu lilitoa mvuke uliochanganyika na ukungu, ukashindwa kujua kipi ni kipi. Mchungaji aliomba. Wimbo wa taifa uliimbwa, wa kwanza na wa mwisho wakiachana beti nzima. Nedra akazungumza, akazungumza vizuri, habari za majirani na mikono na makoleo, na Lavonne alisikiliza kila neno na kila neno aliliamini. Hilo ndilo lililomchosha. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa haamini.

"Binti wa kaka yangu ana neno," Nedra akamalizia, akakinyoosha kipaza sauti upande wake bila kumtazama.

Kutoka kwenye kiti chake mpaka ngazi za mahakama zilikuwa hatua kumi na mbili. Lavonne alizitembea kama mtu anayetembea majini. Nyuso zilikuja kwake moja moja toka kwenye weupe: mama aliyemfundisha kushona, mwalimu wake wa darasa la pili, mzee Orville na kofia yake. Kipaza sauti kilikuwa baridi.

"Ile karatasi ya bwawa," akasema, na sauti yake ikarudi toka ukuta wa benki ng'ambo ya barabara, ikamshtua. "Mimi ndiye niliyesema lipo. Niliona turubai. Nilikosea. Kwa akina Vance hakuna bwawa."

Mtu akaweka kijiko.

"Sasa lile la buluu ni nini?" mwanamume wa safu ya tatu akauliza.

"Si bwawa."

"Nimekuelewa. Ni nini?"

Lavonne alikaa kimya mpaka viti vikaanza kulia.

"Hebu! Mtu anakuja kutuambia si kitu fulani, hataki kusema ni kitu gani!" mwanamke mmoja akasema. "Wamemlipa nini?"

"Wewe uko na nani, Lavonne?" mwingine akapaza.

"Niko nanyi," Lavonne akasema. "Muswada siutaki. Lakini bwawa hakuna."

"Moyo tuushone sisi," sauti ya kike ikasema katikati ya watu, si kwa nguvu, karibu kwa huzuni, "halafu udunde kwa ajili ya wapinzani wetu."

Hakuona ni nani. Alijua tu kwamba ni mmoja wa wale ambao uso wao huuona akigusa kifua. Maneno yalimwingia, yakashuka, yakatulia mahali. Aliyasubiri yamuue na hayakumuua. Aliona kwamba bado amesimama kwenye ngazi, na kwamba pembeni ya paa la mahakama jua limetoboa.

"Asanteni kwa moyo," akasema kwenye kipaza sauti. "Nashukuru kila siku. Bwawa hakuna."

Kicheko kimoja kikapasuka, cha Orville, kikakosa wa kukipokea, kikafa. Nedra alikuwa ameshapanda tena ngazini. Akakichukua kipaza sauti.

"Mmesikia. Karatasi ile inaondolewa, mwenye nayo airudishe kwenye boksi hili. Tunazo sababu za kutosha bila kuingia uani kwa mtu. Kadi ziko mezani, kalamu ziko mezani. Twende."

Wengine walirudisha. Wengine walizikunja wakazitia mfukoni, bila kuficha. Lavonne alikwenda mezani kama alivyoahidi. Wale wawili waliokuwa wakiandika pale walikumbuka ghafla kwamba supu inapoa. Akaketi peke yake, akaandika kadi yake: Mheshimiwa, mimi ni mtoto aliyesaidiwa na majirani, naomba usiwape watu sababu ya kuacha kusaidiana. Alisita. Akaongeza chini: Na wasiotaka kusaidiwa na majirani wanazo sababu zao, mimi nimemsikia mmoja. Akaisoma. Haikuwa kadi ambayo shangazi yake angeipenda. Akaitia kwenye boksi la kadi pamoja na nyingine.

Orville alimfuata mpaka kwenye gari, akichechemea.

"Niliacha hamsini kila kituo," akasema, akitazama viatu vyake. "Vituo vinne. Kile cha njia panda, cha kwa Brubaker, cha karibu na mizani, na kile kipya. Ningekwenda nawe, lakini..." Akapapasa goti, kisha akaacha kupapasa. "Lakini watu wananitazama, mama. Ndiyo hivyo."

"Haidhuru, mzee Orville."

"Ni choo, siyo?"

Lavonne akawasha gari.

"Sijauliza," Orville akasema haraka. "Sijauliza kitu."

Kituo cha njia panda kilikuwa kimebakiwa na vipeperushi thelathini na vinne juu ya kaunta, kati ya tambi za kukaanga na bahati nasibu. Msichana wa dukani alimpa vyote bila kuuliza, akitafuna. Nje, mashamba yalikuwa yamefunuka mpaka mwisho wa macho, na vumbi la mavuno lilining'inia hewani likiwaka. Kwenye pampu ya pili mwanamume asiyemfahamu vizuri, kofia ya kampuni ya mbegu kichwani, alikuwa akijaza mafuta huku akisoma kimojawapo.

"Samahani, kaka. Hiyo naomba unirudishie. Ina makosa."

"Hii?" Aliigeuza. "Hapa napajua. Ni kwa akina Vance hapa. Kumbe wana bwawa."

"Hawana."

"Nami naliona hili hapa, la buluu. Kama si bwawa ni nini?"

"Nirudishie tu, tafadhali."

Mwanamume alimtazama, akaitazama karatasi, akamtazama tena. Namba za pampu ziliendelea kupanda. Lavonne alikuwa amenyoosha mkono, kiganja juu, na hakuushusha.